Mzee anakojoa damu, hapohapo damu imemgandia mguuni: wenye wagonjwa wa kansa ya kibofu walio kwenye kemo, piteni hapa

Mwana wa Cherehani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu hili lililotukuta sikuwahi kulisikia kabla, na nikiulizia mtaani naona hakuna anayelijua.

Mzee wangu ni fundi cherehani, Mafinga, ana miaka 67. Sigara alianza kuvuta akiwa JKT, ameacha juzijuzi tu. Mwaka jana akaanza kukojoa damu. Haumwi popote, hana homa, mkojo tu rangi ya juisi ya rozela. Siku tatu mbele unarudi kuwa safi, anatangaza amepona. Tukatibu UTI mara nne, kila mara vidonge vipya. Mara ya tano daktari mmoja kijana akakataa kuandika dawa, akasema mzee mvutaji akikojoa damu bila maumivu lazima kibofu kichunguliwe kwa kamera. Wakachungulia, wakakata kinyama, majibu yakaja: kansa, na imeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Mpango tuliopewa Dar: kemo mizunguko minne, kila wiki tatu, dawa mbili, jemsitabini na sisplatini. Baada ya hapo apumzike mwezi na kitu, kisha kibofu kitolewe chote, mkojo upitishwe kwenye kipande cha utumbo mwembamba utokee tumboni kwenye mfuko. Tulilia siku ile, tukakubali.

Mzunguko wa pili ulimtapisha sana. Siku mbili hali wala hanywi. Siku ya tatu kasema anataka kwake, tukapanda basi la alfajiri. Dar mpaka Mafinga amekaa kiti cha dirishani, miguu imekunjwa, hakushuka hata stendi ya Msamvu, Morogoro, eti akishuka atatapika. Keshokutwa yake mguu wa kushoto ukawa umevimba. Mguu mmoja tu. Shangazi akauangalia akasema huyu amekanyaga kitu, kuna mtu kamtegea pale mlangoni kwa fundi mwenzie. Akaleta mafuta ya nyonyo na maji ya moto, akamchua kigimbi jioni na asubuhi kwa siku mbili.

Mzee mwenyewe ndiye aliyestuka. Alichukua futi yake ya cherehani, ile ya shingoni, akapima. Kigimbi cha kushoto sentimita 41, cha kulia 36. Akaniambia, "Hii suruali haiwezi kukaa." Usiku ule akaenda chooni, hatua kumi na tano kutoka kitandani, akarudi anahema kama aliyepanda mlima, mkono kifuani.

Tulimkimbiza. Altrasaundi ya mishipa ikaonyesha donge la damu kuanzia nyuma ya goti mpaka pajani, na siti skani ikaonyesha vipande vimesharuka hadi kwenye mapafu. Mtu anayemwaga damu kibofuni, damu yake hiyohiyo imeganda mguuni!

Hospitali sitaitaja, maana walimwokoa. Ila kwa mizunguko miwili yote tuliambiwa habari za kutapika, nywele, homa na figo. Habari ya mguu hakuna aliyeitamka. Naomba wenye utaalamu mtufafanulie, na waliopitia waseme.

Ngamia Mpole

Pole sana mkuu. Mpe mzee shikamoo yangu. Nakaa hapa nisome.

Mla Dona

Mkuu nisaidie kidogo. Mjomba wangu naye ana hiyo kansa, mkojo wake unatoka na mabonge mabonge kama maini. Ndiyo hayo yanayopanda kwenye mapafu? Kama ndiyo, si bora yanatoka?

Dokta wa Zamu

Swali la Mla Dona nalisikia wodini kila wiki, acha nianze nalo. Hapana, si hayo. Bonge linalotoka na mkojo ni damu iliyovuja kutoka kwenye uvimbe ikagandia ndani ya kibofu. Shida yake ni kuziba njia ya mkojo, mgonjwa anajikunja kwa maumivu, tunamwekea mpira wa njia tatu na kumwosha kibofu. Kwenye mapafu haliendi, halina njia. Donge la mzee wa mleta uzi limezaliwa ndani ya mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Likikatika linasafiri na damu, linapita moyoni, linakwama kwenye mapafu. Haya mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja wiki moja, na ndipo ndugu wanapochanganyikiwa.

Kwa nini damu igande? Virchow, yule daktari Mjerumani, alishaeleza katikati ya karne ya 19: damu ikitulia, ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa na tabia ya kuganda upesi. Mgonjwa wa kansa ya kibofu aliye kwenye sisplatini ana vyote vitatu. Kansa inamwaga kemikali zinazochochea kuganda. Sisplatini inakwaruza ukuta wa ndani wa mishipa. Uvimbe au tezi zilizovimba kwenye nyonga zinabana mishipa mikubwa ya miguu. Halafu mtu anatapika, anakaukiwa maji, analala siku nzima. Mzee huyu akaongezewa na safari ya basi ya siku nzima bila kunyoosha mguu. Basi peke yake lisingemfanya hivyo; lilimkuta ameshaiva.

Watu wengi, hata sisi tuliosoma, akili yetu inaogopa donge baada ya upasuaji. Lakini kuna uchambuzi wa mwaka 2016 wa wagonjwa 761 wa kibofu waliopewa kemo kwanza ndipo wakafanyiwa upasuaji. Asilimia 14 walipata madonge, na zaidi ya nusu ya hao waliyapata kabla hata ya kufika mezani kwa upasuaji. Pale Memorial Sloan Kettering, New York, walipitia mafaili ya wagonjwa 932 wa kansa mbalimbali waliopewa sisplatini, wakatoa matokeo 2011: asilimia 18 walipata donge, wengi mno ndani ya siku 100 za mwanzo. Kwa hiyo miezi ile ya kemo nyumbani, ambapo hakuna daktari anayepita asubuhi, ndiyo yenye hatari kubwa.

Shangazi msimseme vibaya, ila wengine msirudie. Mguu mmoja ukivimba kwa mgonjwa wa kansa, HAUCHULIWI, HAUKANDWI. Unaweza kulisukuma donge likakatika.

Kikombe cha Gahawa

Nyongeza ya mpenda historia. Kuna daktari Mfaransa, Armand Trousseau, alifundisha mwaka 1865 kwamba ukimwona mtu mishipa inamgandia bila sababu ya kueleweka, mtafute kansa ndani. Miaka miwili baadaye mshipa wake mwenyewe ukaganda. Akajua. Alikufa 1867 mwaka huohuo, kansa ya tumbo. Mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mla Dona

Duh. Basi mnipe jibu: kuna mzee mmoja huku kwetu anauza mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na limao, anasema unayeyusha damu. Si nafuu kuliko masindano ya hospitali ya kuzuia damu kuganda?

Dokta wa Zamu

Kwanza, hata sindano zetu haziyeyushi. Tunaita dawa za kuyeyusha damu kwa mazoea tu. Kazi yake ni kuzuia donge lisikue na jipya lisizaliwe. Kulila lililopo ni kazi ya mwili wenyewe, taratibu, wiki na miezi. Pili, kitunguu saumu kwenye mboga ni chakula kizuri. Kikombe kizima kila asubuhi juu ya sindano, kwa mtu ambaye kibofu kinavuja, unaongeza mwanya wa kuvuja. Na kabla ya upasuaji mwambieni daktari kila mnachokunywa, hata mnachoona aibu kukisema.

Mwana wa Cherehani

Shukrani dokta. Niendelee.

Tulianzishiwa Clexane, sindano mbili kwa siku kila saa 12, kipimo kwa uzito wake. Niliuliza kwa nini si vidonge, maana jirani yetu mwenye donge alipewa rivaroksabani akaenda zake. Wakasema kwa mtu ambaye kibofu bado kina uvimbe, vidonge vya aina hiyo huleta kuvuja zaidi kwenye njia ya mkojo, sindano inaweza kupunguzwa au kusimamishwa kwa haraka. Warfarini, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, hawakuitaka kabisa: kemo inaivuruga, kutapika kunaivuruga, na mchicha na matembele ambavyo ndiyo mboga za nyumbani vinaivuruga.

Siku ya nne ya sindano mkojo ukageuka mwekundu kabisa. Mama akasema mnamuua. Wakamrudishia mpira, wakaosha kibofu usiku kucha, wakapunguza dozi siku kadhaa, kisha wakapandisha tena. Ile wiki ndiyo iliyonizeesha. Ukizuia hiki unafungulia kile.

Sindano moja tulinunua kwa bei ya kuku wa kienyeji. Mbili kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe, sisi tuliuza kiwanja cha Kinyanambo.

Sista Mstaafu

Nimechoma sindano hizi miaka mingi, nawasaidieni mnaochoma nyumbani, maana naona watu wanapasua ngozi za wazee wao bure.

Mgonjwa alale au aegemee. Tumboni, pembeni, mbali na kitovu kama vidole vitatu vilivyolala. Ukiwa umefanyiwa upasuaji, kaa mbali na kidonda na mfuko wa mkojo. Pajani upande wa nje panafaa pia. Leo kulia, baadaye kushoto. Kale kapovu ka hewa kwenye bomba lililojazwa kiwandani usikatoe, kameachwa makusudi, ukikasukuma unamwaga dawa. Ila ukiambiwa utumie nusu ya bomba, hapo utaelekezwa namna yake. Finya mkunjo wa ngozi kwa vidole, ingiza sindano yote wima, sukuma polepole, na mkunjo usiuachie mpaka sindano itoke. Usisugue! Ukisugua kesho tumbo lina mabaka ya zambarau kama kapigwa.

Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, rudisha hospitali. Si jalalani, watoto wanazichezea.

Na kipimo cha damu kirudiwe wiki ya kwanza na ya pili. Dawa hii mara chache huwageuka wagonjwa, chembe za kugandisha damu zinaporomoka. Na kemo nayo inaziporomosha. Zikishuka chini ya 50,000 daktari lazima ajue kabla ya sindano inayofuata.

Binti Makunduchi

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, baba'angu yuko hali hiyohiyo. Kuna mtu kamwambia hiyo sindano inatokana na nguruwe, basi kakataa katakata, kasema bora afe na udhu wake. Ni kweli au maneno ya watu?

Dokta wa Zamu

Wa aleikum salaam. Ni kweli, na nisingependa mtu amfiche mzee. Heparini na enoksaparini, ambayo ndiyo hiyo Clexane, hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Iko fondaparinaksi inayotengenezwa maabara bila mnyama, ila inatoka kwa njia ya figo, na sisplatini inazichosha figo, kwa hiyo lazima kreatinini, kipimo cha figo, iangaliwe. Na dawa ya vidonge haitengenezwi kutokana na nguruwe, lakini mleta uzi ameshaeleza habari ya kuvuja. Mweke mzee na daktari wake na sheikh anayemwamini siku moja, chumba kimoja.

Binti Makunduchi

Ahsante sana. Sheikh wetu kaja jana, kamsomea aya ya Baqara ya mwenye kulazimika bila kutamani wala kuruka mpaka. Baba kanyamaza kitambo, kisha kauliza, "Wanachoma wapi?"

Mkulima wa Moiben

Salamu kutoka Uasin Gishu. Yetu ilikuwa tofauti kidogo na ya mleta uzi. Baba figo zake hazingeweza sisplatini, kwa hivyo akaenda moja kwa moja kwa upasuaji, mwaka uliopita. Saa sita ndani. Wodini alikuwa anadungwa kila jioni, wakamwamsha siku ya kwanza atembee na chuma cha dripu, kila kitu sawa. Siku ya saba tukatoka, hakuna sindano kwa karatasi ya kwenda nyumbani. Hatukuuliza, tulijua imeisha. Wiki ya tatu alianguka bafuni. Alisema tu "pumzi" na hakuongea tena. Tulifika hospitali akiwa ameaga.

Sitaji hospitali, na sijui kama sindano zingemwokoa. Lakini baadaye nilisoma kwamba zinafaa kuendelea siku 28. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mwana wa Cherehani

Pole sana ndugu yangu. Mungu amlaze pema.

Sista Mstaafu

Poleni sana, baba.

Dokta wa Zamu

Pole sana. Nisikuongezee uzito, hata kwa sindano kamili wapo wanaopata donge. Ila ulichosoma ni sahihi, na nakiandika kwa ajili ya wengine. Kutoa kibofu ni upasuaji wa saa nyingi ndani ya nyonga, tezi zinachunwa kando ya mishipa mikubwa ya miguu, na hatari haiishi siku mgonjwa anapotoka wodini. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa waliofanyiwa upasuaji wa kansa za tumbo na nyonga: waliochomwa enoksaparini wiki moja, asilimia 12 walikutwa na madonge, waliochomwa wiki nne, asilimia 4.8. Mengi ya madonge hayo yalikuwa kimya, yalionekana kwa kipimo tu, lakini tofauti ni kubwa. Tangu hapo kawaida ni wiki nne, miligramu 40 mara moja kwa siku, kama figo zinaruhusu na hakuna kuvuja. Siku ya kutoka wodini waulizeni wanaowapa karatasi: "Sindano ni mpaka tarehe ngapi?" Waandike tarehe.

Kikombe cha Gahawa

Dokta, kuna ile hesabu ya Khorana, ya kukadiria nani damu itamgandia akiwa kwenye kemo. Kwa nini wasipige hesabu kwa kila mgonjwa, atakayeonekana ana hatari apewe kinga kabla?

Dokta wa Zamu

Ni nzuri na ni rahisi. Imetoka 2008, inatumia karatasi za maabara ambazo kila mgonjwa wa kemo anazo. Kansa ya kibofu yenyewe ni pointi 1 (ya tumbo na kongosho ni 2). Chembe za kugandisha damu zikiwa 350,000 au zaidi, 1. Hemoglobini chini ya 10, 1. Chembe nyeupe zaidi ya 11,000, 1. Unene wa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 35 kwenda juu, 1. Inapigwa kabla ya kemo kuanza.

Mwana wa Cherehani

Nimeenda kufungua faili muda huu. Karatasi ya siku moja kabla ya mzunguko wa kwanza: chembe za kugandisha 412,000. Hemoglobini 9.4, si ajabu, kavuja mwaka mzima. Chembe nyeupe 8,000. Mzee ni mwembamba. Kwa hiyo kibofu 1, chembe 1, damu pungufu 1. Tatu.

Tatu ni nyingi dokta?

Dokta wa Zamu

Kuanzia 3 ni kundi la hatari kubwa. Kuanzia 2 miongozo inaruhusu kufikiria kinga. Kuna jaribio la 2019 la apiksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, kwa walio na 2 na kuendelea: madonge yalishuka kutoka asilimia 10.2 hadi 4.2 ndani ya miezi sita, ila kuvuja damu kuliongezeka. Sasa mzee wako alikuwa anakojoa damu siku hiyohiyo ya karatasi. Ningekuwa mimi ningesita, nakwambia ukweli. Ambalo nisingesita ni kuwaambieni: mguu mmoja ukivimba, kifua kikichoma mkivuta pumzi, pumzi ikikata ghafla, njooni usiku huohuo, msingoje kliniki. Hilo halina gharama na halivujishi damu. Mlistahili kuambiwa.

Mla Dona

Mleta uzi, upasuaji ulifanyika au uliahirishwa?

Mwana wa Cherehani

Ulifanyika. Mizunguko miwili iliyobaki alipewa akiwa chini ya sindano, safari hii tukapanga chumba Mbagala, hukohuko Dar, hakuna basi. Anakunywa maji kwa zamu, mama ana daftari. Walisema kama upasuaji ungeangukia ndani ya mwezi mmoja wa donge wangefikiria kumwekea chujio kwenye mshipa mkubwa wa tumboni linase vipande. Kwetu ilikuwa imeshapita miezi mitatu, hawakuweka. Sindano ya mwisho ilikuwa saa 24 kabla ya kuingia. Akalala na soksi za kubana na mashine inayokamua vigimbi kwa hewa, inalia pshii kila baada ya muda, mzee akasema inamkumbusha pasi ya mvuke.

Walianza na dozi ndogo jioni ya siku ya pili, wakapandisha taratibu kidonda kilipotulia. Ataendelea nazo kwa sasa, kila kliniki wanaangalia. Mapafu kwenye picha ni safi.

Sista Mstaafu

Na mazoezi ya miguu anafanya? Akiwa amekaa apige nyayo, kisigino juu, vidole juu, kila saa. Kigimbi ndicho pampu ya damu ya mguu.

Mwana wa Cherehani

Sista, hapo ndipo alipotushinda. Tulimpa karatasi ya mazoezi akaitupa. Wiki iliyopita nimeamka nasikia cherehani inalia sebuleni saa kumi na moja alfajiri. Nikakimbia nikijua ameanza kazi na kidonda chake. Nikamkuta amekaa, mfuko wa mkojo kaufunika kwa kanga ya mama, anapiga pedali kwa miguu yote miwili. Sindano hana uzi, kitambaa hakuna. Futi iko shingoni.

Nikamuuliza leo ngapi. Akasema, "Thelathini na saba kwa thelathini na sita. Lete hiyo suruali."